ASIYEANDIKA HUANDIKIWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu la wafanya kazi wa reli)



Tumeombwa tuseme machache juu ya darasa letu la jioni. Baadhi yenu mmesikia ati siku hizi katika ukumbi wa tawi watu wazima huketi pamoja na watoto wakitazama picha za simu. Mmeuliza: Je, hiyo ndiyo kazi ya chama? Ada zetu za kila mwezi ni za kutazamia picha? Hilo ni swali la haki, na mwenye kutoa ada anastahili kujibiwa. Basi tutajibu.

Twaanza na jambo lililotuuma. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja wa gengi aliumia mkono kazini. Akaitwa ofisini aeleze habari. Yeye alisema kwa mdomo, karani akaandika, kisha akaletewa karatasi aitie sahihi. Kwa kuwa hakujua kuandika, akatia kidole gumba. Shauri lilipofika mbele, karatasi ile ikasomwa, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba alivua glavu kwa hiari yake. Lakini yeye alikuwa amesema kwamba mwezi ule glavu hazikuletwa. Hatusemi kuwa karani ni mwongo. Labda alisikia vibaya, labda alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Lakini karatasi haina masikio ya kusikia mtu akisema, "Sikusema hivyo." Mwenzetu alikosa malipo yake, na sisi tuliokwenda kumsimamia tuliketi pale kama mabubu, maana kidole kilikuwa chake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatupa kinga. Inasema kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma aelezwe mkataba wake kwa lugha anayoielewa. Tena kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla mtu hajafukuzwa kwa kosa la mwenendo au kwa kazi mbovu, ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Hiyo ni sheria njema, na kila mmoja wetu aijue. Lakini sheria haiwezi kukushikia kalamu. Siku ile tulipotoka ofisini tuliambiana neno moja, nalo ndilo kichwa cha hotuba hii: asiyeandika huandikiwa.

Ndipo tukafungua darasa. Jumanne na Alhamisi jioni ni ngumbaru ya watu wazima, na Jumamosi mchana ni zamu ya watoto wa landhi ambao walimu wao wanasema hawataki kusoma wala kuandika. Sisi tunaofundisha si walimu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Tulifundisha kama tulivyofundishwa: a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu, wote pamoja, tena kwa sauti. Usiku wa kwanza walikuja watu kumi na wawili. Baada ya wiki tatu walibaki wanne.

Tuliwalaumu kwa uvivu. Leo tunaona kwamba kosa lilikuwa letu. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa cha watoto wadogo, na habari zake ni za sungura na fisi. Mtu aliyebeba mataruma kwa miaka ishirini, aliyelala Tsavo na Mtito Andei, aliyeinua reli usiku katika mvua, utamwambia nini juu ya sungura? Alijiona amerudishwa utotoni mbele ya watoto wake. Aliona haya, akakaa nyumbani. Na wale watoto wa Jumamosi walikuja kwa sababu mama zao waliwasukuma. Macho yao yalikuwa mlangoni na vidole vyao katika simu chini ya meza. Sisi tukaleta kikapu, tukakusanya simu zote mlangoni. Tulidhani simu ndiyo adui.

Basi Jumamosi moja kijana mmoja wa gredi ya sita, ambaye habari yake kutoka shuleni ilikuwa fupi tu, "hasomi", alikuja mezani akaomba simu yake kidogo atuonyeshe kitu. Tulitaka kumkatalia. Lakini yeye akasema, "Ni garimoshi, wazee." Tukampa.

Akafungua picha ya injini kubwa nyekundu, ya mvuke ya zamani, ile yenye matangi mbele na nyuma. Sisi sote tukainuka vitini. Babu mmoja mstaafu, aliyekuja kumchukua mjukuu wake, akavaa miwani akasema, "Namba yake ngapi?" Kijana akasoma: 5918. "Na jina?" Kijana akaisogeza picha, akaanza kusoma kibao kilicho ubavuni, herufi moja moja, mpaka akafika mwisho: Mount Gelai. Babu akasema, "Gelai ni mlima. Zote zilipewa majina ya milima." Kijana hakuamini. Akatafuta maneno yaliyo chini ya picha, akasoma, akakwama, akauliza, akasoma tena. Akakuta kwamba ni kweli: injini za aina hiyo zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, na injini yenyewe ipo hata leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi.

Ndugu, kijana asiyesoma alisoma ukurasa mzima bila fimbo. Alisoma kwa sababu alitaka kujua. Jioni ile tuliondoa kikapu mlangoni.

Sasa tueleze picha zinatoka wapi, maana wengine wenu mna shaka. Katika intaneti zimo ghala kubwa za picha zilizowekwa ili watu wote wazitazame. Moja ni Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004, na picha zake mtu anaweza kuzitumia bure akifuata masharti yaliyoandikwa hapo, kama vile kumtaja aliyepiga. Ya pili ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani huko Washington. Tena mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliweka katika intaneti maelfu ya picha za Afrika zilizokuwa zimehifadhiwa na Wizara ya Makoloni. Humo mtu anaona madaraja, stesheni, bandari na barabara za wakati wa babu zetu. Picha zilizokuwa zimefungiwa kabatini ng'ambo leo zinafunguka katika kiganja cha kijana wa landhi. Mmoja wetu huchagua picha moja kwa wiki, huipeleka kuchapwa katika duka la saiba kwa shilingi chache, na karatasi moja inatosha darasa zima. Hiyo ndiyo gharama yote iliyotajwa katika hesabu ya mweka hazina.

Na namna ya kufundisha ni hii. Picha hutundikwa ukutani, na kwa muda wa dakika mbili hakuna ruhusa ya kusema. Kisha tunauliza maswali matatu, ambayo hatukuyabuni sisi. Yalitungwa na wataalamu wawili wa Marekani, Abigail Housen na Philip Yenawine, waliofanya kazi ya kuwafundisha watu kutazama picha katika majumba ya sanaa. La kwanza: Kuna nini kinachotendeka katika picha hii? La pili: Umeona nini hata ukasema hivyo? La tatu: Tunaweza kuona nini zaidi? Hapana jibu la kuchekwa, lakini hapana jibu lisilo na ushahidi. Anayesema "huyu ni nyapara" aonyeshe kwa kidole alichokiona.

Ndugu zetu wawakilishi, hebu litazameni swali la pili. Si ndilo swali la kila shauri linalopelekwa ofisini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Mtoto anayejifunza kulijibu leo hatababaishwa kesho.

Baada ya maneno huja kalamu. Kila neno lililosemwa huandikwa ubaoni karibu na picha, na mstari huvutwa kutoka neno mpaka kwenye kitu chenyewe: taruma, koleo, kofia, kivuli, daraja. Kisha kila mtu huandika sentensi moja. Hatusemi "andika insha", maana neno insha lina fimbo ndani yake. Tunasema, "Picha hii haina maneno chini yake. Yaandike." Mtoto aliyeogopa ukurasa mweupe haogopi mstari mmoja. Wiki ya pili huandika mitatu, na baadaye huandika kana kwamba ni yeye aliye ndani ya picha. Mwisho husomeana kwa sauti, na wenzake humwuliza tena: umeona nini hata ukaandika hivyo?

Msidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1963 huko Angicos, mji mdogo katika jimbo la Rio Grande do Norte nchini Brazil, mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha kusoma na kuandika wafanya kazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi. Hawakuanza na herufi. Walianza na picha za maisha ya watu wale wenyewe, zilizoangazwa ukutani, watu wakazungumza juu ya kazi yao na ardhi yao, kisha maneno ya mazungumzo hayo yakawa ndiyo masomo. Rais João Goulart mwenyewe alihudhuria somo la mwisho. Wakati ule Brazil haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Kwa hiyo kumfundisha mfanya kazi kusoma kulikuwa ni kumpa kura. Mwaka uliofuata, 1964, jeshi likashika serikali, mpango ule ukasimamishwa, na Freire akatiwa ndani, halafu akaenda uhamishoni. Tujiulize: kama kutazama picha na kuandika maneno ni mchezo, mbona wenye bunduki waliuogopa?

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa tuliloliona sisi wenyewe. Tulipotafuta picha za kujengwa kwa reli yetu, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikapita Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, tulizipata nyingi. Watoto wakaanza kusoma maneno yaliyoandikwa chini. Msichana mmoja wa gredi ya saba akauliza, "Mbona huyu aliyesimama ana jina, na hawa waliobeba hawana?" Tukarudi kuzitazama zote. Ni kama alivyosema. Twalijua jina la injinia mkuu, George Whitehouse. Twajua kwamba gati la Kisumu liliitwa Port Florence, na kwamba Florence Preston, mke wa injinia, ndiye aliyepiga nyundo ya mwisho. Lakini walioletwa kutoka India kuijenga reli walikuwa kiasi cha 32,000, na kama 2,500 kati yao walikufa. Kando yao walikuwako Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo. Katika picha tulizoziona hao huitwa kwa jina la kundi tu, au hawatajwi kabisa. Wao walibeba reli, wengine wakaandika.

Asiyeandika huandikiwa. Msichana yule alilionea jambo hilo katika picha. Sisi tulilionea ofisini.

Alhamisi iliyofuata tukaitundika picha moja ya hizo mbele ya watu wazima: watu katika mstari wamebeba reli begani. Usiku huo alikuwako mzee mmoja wa gengi aliyekuja kwa sababu tu tulimwambia kuna picha ya kazi yake. Miezi yote alikuwa amekataa darasa. Tukauliza swali la kwanza. Akasema, "Wamebeba reli, na huyu wa mwisho anaimba." Tukauliza la pili: umeona nini hata ukasema hivyo? Akatutazama kama mtu anavyowatazama watoto. Akasema, "Mdomo wake u wazi. Reli haibebwi kimya. Asipoimba mmoja hamtainua pamoja, na asiyeinua pamoja na wenzake huvunja mgongo wa jirani."

Tukaandika ubaoni: RELI HAIBEBWI KIMYA. Tukamwambia, "Mzee, hayo ni maneno yako." Akauliza, "Yapi?" Tukamwonyesha: hili ni reli, hili ni haibebwi, hili ni kimya. Akayafuata kwa kidole, kile kidole gumba. Akayarudia mara tatu. Kisha akaomba kipande cha karatasi akayanakili, na herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala upande kama behewa lililotoka njiani. Saa ya kufunga ilipofika hakuondoka. Tangu siku ile hajakosa somo ila akiwa zamu.

Ndugu, hatukumfundisha mzee yule jambo lolote juu ya reli. Yeye ndiye aliyetufundisha. Picha ilimpa pahali pa kusimama kama fundi, si kama mtoto. Mtu hakatai kusoma, hukataa kudharauliwa. Na mtoto ni vivyo hivyo.

Lakini twataka pia tuseme hatari, ili msije mkasema tumewaficha.

Ya kwanza, picha hudanganya. Katika simu huzunguka picha ya ajali ya nchi nyingine, imeandikwa kwamba ni ya hapa jana. Kwa hiyo kila picha tunaiuliza: imepigwa na nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyeandika maneno yake? Isiyojibu haitundikwi.

Ya pili, hatutumii picha za maiti wala za majeruhi. Mwenzetu aliyeumia si chombo cha kufundishia. Wala hatupigi picha watoto wa watu na kuzirusha bila ruhusa ya wazazi. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria kulikuwa na adabu.

Ya tatu, picha ni mlango, si nyumba. Mtoto akiachwa na picha peke yake atatelezesha kidole mpaka usiku bila kusoma neno. Lazima awepo mtu wa kumwuliza, na lazima mwisho iwepo kalamu. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu wa darasa, kila picha hufuatwa na kurasa mbili za kitabu au habari ya gazeti hili letu. Wapo bado wanaokwama. Wapo watoto wawili walioacha. Hatukuja kujisifu.

Basi tunaomba mambo matatu kwa mkutano huu. La kwanza, kila mwenye picha ya zamani ya kazi nyumbani, ya baba yake au ya babu yake, ailete tuitazame darasani, na aje mwenyewe aseme majina ya waliomo, ili safari hii yaandikwe. La pili, mkutano ukubali zile fedha chache za kuchapa picha ziendelee mpaka mwisho wa mwaka. La tatu, na hili ndilo zito, kila mwakilishi katika karakana, stesheni na gengi amlete mwanachama mmoja anayetia kidole. Asimlete kwa kumwaibisha. Amwambie kuna picha ya kazi yake.

Tunamaliza kwa karatasi moja. Mwezi uliopita yule mzee wa gengi alikuja ofisini kwa tawi kabla ya zamu, akatuwekea mezani kipande cha daftari. Ameandika hivi, nasi tumerekebisha herufi mbili tu: "Boliti mbili zimekatika karibu na kalvati. Nimemwambia nyapara Jumatatu. Nimeandika mimi." Chini yake ametia jina lake, si kidole.

Karatasi hiyo haijashinda kesi yoyote, maana hapakuwa na kesi. Boliti zilitiwa mpya siku ya Jumatano, na magari yakapita. Lakini siku ikifika mtu aulizwe nani aliyejua na alijua lini, jibu limo katika faili ya tawi, kwa mkono wa aliyeona kwa macho yake.

Hiyo, ndugu wanachama, ndiyo kazi ya picha zile. Umoja ni nguvu.